Chora mishale kwanza, kalkuleta baadaye

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya kani, yaani msukumo au mvuto, na mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka. Bila shaka mitihani ya muhula imekaribia.

*Mwalimu, kila Jumamosi nasukuma mkokoteni wa maji hapa Kondele. Nasukuma kwa nguvu ileile, lakini hauongezi kasi, unaenda tu. Mbona darasani tunaambiwa kani huleta mchapuko?*

Kwa sababu umehesabu kani moja ukasahau nyingine, na kosa hili nimelipigia kelele hadi koo limekauka. Mwanafizikia Newton, tangu 1687, hazungumzii kani yoyote tu unayoiona. Anazungumzia ile inayobaki baada ya zote kujumlishwa na kutolewa. Mitungi kumi ya lita 20 ni kilo 200 za maji. Mkokoteni wenyewe tuseme kilo 50. Ukisukuma kwa nyutoni 300 (nyutoni ni kipimo cha kani), na msuguano ukakuvuta nyuma kwa 300, kinachobaki ni sufuri, na mkokoteni unabaki na kasi uliyokuwa nayo. Mwenzako akija nyuma akaongeza 50, sasa gawanya kani inayobaki kwa kilo zote: 50 kwa 250, mita 0.2 kwa sekunde kwa sekunde. Ni kidogo, lakini baada ya sekunde kumi utakuwa unakimbia nao. Kwa hiyo chora mkokoteni, chora mishale yote, mmoja kwa kila kani, ndipo ushike kalkuleta. Wengi wenu hushika kalkuleta kwanza.

*Jiwe zito na jepesi, lipi hufika chini kwanza?* (Watano mmeuliza.)

Pamoja, hewa isipoingilia. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliangusha nyundo na unyoya mwezini, vikatua pamoja. Msiniulize tena.

*Mwalimu wetu huweka kitabu chini ya upande mmoja wa ubao kabla ya kuachilia troli, kile kigari cha maabara. Wenzangu wanasema anachakachua matokeo. Kidato cha Tatu, Kakamega.*

Hachakachui, anaulipa msuguano deni lake. Ubao ukiinama kiasi, sehemu ya uzito wa troli inatosha tu kuufuta ule mshale wa nyuma, na kani mtakayoongeza ndiyo itakayobaki. Mtajuaje pametosha? Isukumeni troli kidogo: nukta ambazo mashine huchapa kwenye utepe unaovutwa na troli zikipangana kwa nafasi sawa, acheni kitabu hapo.

Na mkishaupata utepe, hesabuni nafasi, si nukta! Mashine huchapa nukta 50 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi 10 ni sekunde 0.2, na nafasi 10 zinahitaji nukta 11. Kipande cha kwanza kikiwa sentimita 4 na kinachofuata 6, kasi imetoka sentimita 20 hadi 30 kwa sekunde, ndani ya sekunde 0.2. Huo ni mchapuko wa sentimita 50, yaani mita 0.5, kwa sekunde kwa sekunde. Kuna shule troli hazitoki kabatini ila mkaguzi akija, na wanafunzi huchora nukta kwa biki. Mnajijua.

*Mwenye bucha hapa Nakuru husema kilo moja ndio uzito wa nyama yangu. Binti yangu anasema uzito ni nyutoni 10. Nani mkweli?*

Binti, mama. Kilo ni tungamo, yaani kiasi cha nyama chenyewe. Uzito ni jinsi dunia inavyoivuta nyama hiyo. Mwenye bucha mlipe tu.

*Nitumie majibu ya zoezi la nne kabla ya Jumatatu.*

Hapana.

*Mimi ni utingo. Dereva wangu hutoa gia kwenye mteremko wa kutoka Mau Summit kuja Salgaa, anasema anaokoa mafuta. Ni kweli?*

Injini za dizeli za kisasa hukata mafuta zenyewe lori linaposhuka likiwa kwenye gia, kwa hiyo hata hayo mafuta haokoi. Sasa mishale. Lori la tani 30, barabara ikishuka mita 1 kila mita 20: linavutwa chini kwa nyutoni 15,000. Likiwa kwenye gia, injini huvuta nyuma. Akitoa gia amefuta mshale huo, akaachia breki kazi yote, na breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto zikapoteza mshiko. Zikishindwa kabisa, na tukiacha msuguano kando, lori lililoanza kutoka kusimama linafika kilomita 108 kwa saa ndani ya dakika moja. Na yeye haanzi kutoka kusimama.

Mwonyeshe hesabu hii mkiwa mmeegesha. Akicheka, shukia Mau Summit, panda matatu.