Usikubali fomu itumwe kabla hujaisoma

Dada, ngoja kwanza. Unasema unataka bima ikulipie upasuaji wa kupunguza uzito, na wakala wako amekwambia barua fupi ya daktari yatosha, nyingine zitafuata, na kesho asubuhi unavuka Likoni kuipeleka. Usivuke!

Wakala wangu mie alinikalisha Mwembe Tayari mbele ya mahamri na mbaazi nilizolipa mwenyewe (ndiyo, huku natafuta kukatwa tumbo, chekeni tu) akanipa maneno hayo hayo. "Andikisha barua moja tu, mama, mengine niachie mimi." Daktari akaandika mstari mmoja: mgonjwa ameomba upasuaji wa kupunguza uzito. Muhuri, sahihi, na wale wa meza ya bima hospitalini wakaituma pamoja na fomu ya idhini, ile ya kuomba bima ikubali kulipa, hata sijaiona.

Ameomba! Kwa mtu wa bima, hilo ni sawa na kuomba kung'arishwa meno. Jibu likarudi: huu ni urembo, haulipiwi. Presha ninayoimezea dawa kila siku haikutajwa. Sukari haikutajwa. Kukatika pumzi usingizini, ambako mume wangu ndiye saa yangu ya kuniamshia, wala.

Na kimo je? Muuguzi alinipima na viatu, tena vya kisigino. Mimi ni mita 1.60, fomu ikasema 1.64. Kwa kilo 104 nilizokuwa nazo, BMI yangu halisi (kilo ugawanye kwa kimo mara kimo) ni 40.6; ya kwenye fomu ikawa 38.7. Kampuni yangu ilikuwa bado inafuata vile viwango vya Marekani vya 1991: 40 kwenda juu, au 35 ukiwa na maradhi yanayotokana na unene. Basi kisigino kikanishusha chini ya 40, na barua isiyotaja ugonjwa ikanifungia ule mlango wa 35. Viatu vyenyewe vya kuazima. (Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango hadi 35 hata bila maradhi, lakini nenda kamwambie mtu wa bima.)

Hapo bado hujafika penyewe. Ukishaandikiwa "urembo" kwenye faili, barua ya pili inasomwa kama umeitunga. Tulipokata rufaa na maradhi yote yakiwa yametajwa, waliuliza: mbona haya hayakuwepo mwanzo? Nikarudia vipimo kwa pesa zangu, nikamtafuta mtaalamu wa lishe anipe kumbukumbu za kliniki za nyuma. Na wakala? Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Kamisheni yake alishakula, Mungu amshibishe.

Kwa hivyo kaa kwenye kiti cha daktari, uisome barua mbele yake, neno kwa neno. Akikwambia ana foleni, mwambie utasubiri nje mpaka iishe. Vua viatu upimwe upya. Kila ugonjwa utajwe kwa jina, ulianza lini, unatumia dawa gani. Uzito wako wa kila ziara kwa mtaalamu wa lishe uwepo na tarehe yake, maana wanataka kuona ulijaribu njia nyingine na hazikufaa. Halafu linganisha: kimo cha daktari na kimo cha mtaalamu wa lishe vikitofautiana hata kidogo, watakushikia hapo hapo. Na kabla ya yote hayo waombe bima masharti yao kwa maandishi, kwani sera nyingine hazilipii matibabu ya unene hata ulete barua gunia zima.

Uliuliza pia hospitali gani, na kama Nairobi ni nafuu kuliko hapa. Hayo wenzangu watakujibu. Wewe sasa hivi pigia ile meza ya bima uwaambie wasitume chochote mpaka ufike.