Barua kwa Mwanangu Kuhusu Shule ya Idrisa

Mwanangu mpenzi Salma,

Umeniuliza iwapo shule ya kulipia ya hapa Uingereza inaizidi ya serikali kiasi cha kustahili fedha zote hizo, maana Idrisa anatimiza miaka kumi na mumeo ameshaanza kupiga hesabu.

Tofauti unazijua. Shule ya kulipia huchagua watoto kwa mtihani na usaili, madarasa yake ni madogo, hailazimiki kufuata mtaala wa taifa, na tangu Januari 2025 ada yake imeongezewa kodi ya asilimia 20. Ya serikali haina ada, lakini nyingi hutazama unaishi wapi, hivyo mwenye uwezo huilipia kwa kununua nyumba ya ghali iliyo karibu nayo. Hata Eton, inayotajwa leo kama shule ya matajiri, Mfalme Henry wa Sita aliianzisha mwaka 1440 ili wavulana 70 maskini wasome bure. Ndiyo maana nakwambia kila siku kwamba shule ni mwalimu, si jengo wala jina.

Ila kila nikiandika haya nakiona chumba kile cha usaili, Januari 1998. Mwalimu mkuu alikuuliza unapiga ala gani, ukasema hupigi. Akakuuliza likizo unakwenda wapi, ukajibu kwa shangazi, Leicester. Nami, bila kuulizwa, nikasema kwamba unasoma kaswida kila Jumamosi na madrasa nzima hunyamaza kukusikiliza. Alitabasamu, wala hakunivunjia heshima, lakini kalamu yake ilibaki juu ya karatasi bila kuandika hata herufi moja, na nilipokugeukia nikakuona nawe unaitazama kalamu hiyo hiyo.

Walikukubali. Mpango wa serikali wa kuwalipia ada watoto werevu wa wazazi wenye kipato kidogo ulikuwa umefutwa mwaka 1997, kwa hiyo shule yenyewe ikatupunguzia nusu. Siku zote umeambiwa kwamba nusu iliyobaki ilitushinda. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa tayari kuongeza zamu za usiku kwenye basi, na hesabu alishaiandika nyuma ya bahasha ambayo ninayo mpaka leo. Aliyekataa ni mimi, na sijui kama niliionea huruma afya yake au nilishindwa kuisamehe kalamu ile.

Ukaenda shule ya mtaani, watoto 30 darasani, ukampata yule mwalimu wa hisabati aliyebaki nawe kila Alhamisi baada ya kengele ya mwisho, bila kulipwa hata peni, na matokeo yalipotoka akatupigia simu kabla wewe hujafika nyumbani. Shule ni mwalimu, Salma. Lakini naukumbuka pia mwaka ule wa fizikia, walimu watatu walipopita mmoja baada ya mwingine, ukawa unajifundisha mwenyewe usiku kwenye meza ya jikoni huku machozi yanadondokea daftari. Kwenye shule ile ya kulipia wazazi wangekwenda kuuliza fedha zao zinafanya nini. Sisi hatukwenda, kwa sababu tulidhani asiyelipa hana haki ya kuuliza, na hilo lilikuwa kosa letu, si la shule peke yake.

Uamuzi ni wenu, wewe na mumeo. Ningekuwa mimi, ningeanza kwa kuuliza walimu wa shule ya mtaani kwenu wamedumu miaka mingapi, kisha... basi, niachie hapo. Mkimpeleka kwenye usaili, naomba niwe pamoja nanyi, na akiulizwa ala, Idrisa aseme mwenyewe kwamba anapiga dufu, aeleze ngozi yake huwambwa vipi na maulidi huanza kwa mdundo gani, asinyamaze mpaka yule anayemsaili aandike.

Mama yako