Namba za gari za Purple Heart: anzeni na DD-214

Dada, umeuliza kama baba mkwe wako, aliyejeruhiwa Vietnam, anaweza kupata namba za gari za Purple Heart, nishani ya Marekani ya waliojeruhiwa au kuuawa vitani, hapo Texas. Anaweza, ila haki hiyo ni yake, si ya ukoo mzima. Tazameni kwanza gari limeandikishwa kwa jina la nani. Kisha itoeni DD-214, ile karatasi ya kuachishwa jeshi, msome sehemu ya nishani neno kwa neno. Purple Heart isipoonekana (hutokea, hasa kwa wazee), aombe kumbukumbu zake kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis; jeshi likikubali kurekebisha, hutoa DD-215, karatasi ya marekebisho ya DD-214. Kuonyesha nishani yenyewe kwenye dirisha la ofisi hakutoshi. Karatasi zikikaa sawa, nendeni ofisi ya kodi ya kaunti. Na masharti ya shemeji yako wa Ohio yaacheni hukohuko, kila jimbo lina sheria yake.