Usilipe kodi ya mwaka Chanika kwa kuangalia video. Kalale huko kwanza

Mkuu, hiyo hela usiitume. Kama umeshaitoa benki, irudishe. Nimesoma uzi wako mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba umewahi kufika Chanika, sijapaona. Umepata kazi Posta, katikati ya jiji la Dar, unahama Mbeya na mke na watoto wawili, dalali amekutumia video ya nyumba ya vyumba vitatu yenye fensi na vigae, laki na nusu kwa mwezi, anataka ya mwaka mzima kabla ya Ijumaa, na amekuambia "dakika arobaini uko mjini". Halafu unauliza uzuri na ubaya wa kuishi Dar, shule, usalama na joto. Ubaya unao tayari kwenye simu yako, unasubiri ubonyeze namba ya siri tu.

Maneno hayohayo mimi nililipia mwaka 2019. Dakika arobaini, fensi, vigae, "lami inakuja, imeshapitishwa". Nilitoka Iringa, kazi ilikuwa mtaa wa Samora, nikawa nalala sebuleni kwa binamu yangu Tandika na wiki inaisha. Na kabla watu hawajaja hapa kuniita mshamba: waliozaliwa Temeke na Kinondoni nao wanalizwa na madalali kila siku ya Mungu. Dalali haulizi umetoka mkoa gani, anauliza una haraka kiasi gani.

Yule wangu alinichukua Jumapili saa tatu asubuhi. Shika hapo hapo. Jumapili saa tatu Barabara ya Nyerere imelala. Kamata, Tazara, uwanja wa ndege, Banana, mpaka Gongo la Mboto, hatukusimama isipokuwa kwenye taa. Tukashuka, tukapanda bodaboda kuingia ndani, tukavuka kijito kilichokauka, mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira katikati na magoli ya mawe. Nyumba ilikuwa nzuri kweli, siwezi kuisingizia. Dalali akaingia jikoni akafungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu. Akawasha taa zote. Akaniambia kuna mwalimu mmoja mama naye kaipenda, anakuja na hela saa nane mchana. Nikalipa ya mwaka, nikamlipa yeye ya mwezi mmoja, na ile hela ya kuonyeshwa nyumba juu yake.

Maji yaliisha siku ya tatu. Jirani ndiye aliyenieleza: simtanki la juu lilijazwa na boza Jumamosi ili Jumapili bomba litoe maji mbele ya mteja. Bomba la Dawasa, mamlaka ya maji ya jiji, lilikuwa halijafika mtaa ule kabisa. Tukahamia kwenye kisima cha jirani, maji ya chumvi, unafua sabuni haitoi povu, sufuria la kuchemshia linabaki na ukoko mweupe pembeni. Ya kunywa na ya chai tukawa tunanunua kwa madumu, na muuza maji akijua huna pengine bei anapanga yeye.

Hayo ya maji ningeyavumilia. Kilichonitoa ni barabara.

Kazini natakiwa saa mbili kamili. Wiki ya kwanza nilitoka nyumbani saa kumi na mbili, nikachelewa siku zote. Nikahamia saa kumi na moja. Baadaye saa kumi na nusu alfajiri, giza, boda anakukokota kwenye mashimo mpaka barabara kuu, halafu pale kituoni unakuta watu wengi kuliko gari. Treni ya Pugu wakati ule ilisaidia, ila ilikuwa inajaa mpaka milangoni, na ukiikosa umeikosa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam. Asubuhi utaapa wote wanakwenda Posta na Kariakoo kwa njia moja. Na njia ile ndiyo ya uwanja wa ndege, kwa hiyo ukipita msafara wa kiongozi mnasimamishwa, mnakaa, dereva anazima injini. Pale Tazara daraja la juu la Mfugale lilishafunguliwa tangu 2018, lilipunguza kero kubwa ya makutano yale, lakini foleni ya huko mbele hukuikuta imepungua.

Jioni ndiyo usiseme. Kuna kitu kinaitwa kugeuza, kijue kabla hujahamia. Gari likifika kituo cha mwisho mjini limeshajaa, kwa sababu watu wamelidaka vituo viwili vitatu nyuma likiwa bado linakuja, wakakaa, wanageuka nalo. Konda anawapitia: "Mnaogeuza nauli mbili, mbili!" Usipogeuza, utagombania mlangoni na watu wanaoingilia dirishani, na ukifanikiwa utasimama na kwapa la mtu puani kuanzia Kariakoo mpaka mwisho. Nilikuwa nafika nyumbani saa mbili unusu, saa tatu. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu. Nikitoka amelala, nikirudi amelala. Mke wangu akaniambia siku moja mtoto anaulizia "yule baba wa Jumapili". Hilo mpaka leo likinijia linaniuma.

Halafu ikaja vuli. Msimu wa mvua wa mwishoni mwa 2019 ulikuwa mkubwa, waliokuwepo watakumbuka. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unazunguka jiji mpaka kuingia baharini Daraja la Selander, na vijito vinavyoulisha vinapita katikati ya mitaa yetu ya huko juu. Ule mchanga wa watoto kuchezea mpira ulikuwa kitanda cha kijito. Usiku mmoja ulinyesha, asubuhi kukawa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana kuliko nyumba, yanabeba matairi na magogo. Boda hawavuki. Vijana wa mtaa wakaanzisha kazi ya kuvusha watu mgongoni, mia tano, mwenye mzigo elfu moja. Nilivushwa na shati la kazi, viatu nimevitundika shingoni kwa kamba zake, mbele yangu mama mjamzito anakataa kupanda mgongoni, anarudi kwake. Alikuwa anakwenda kliniki. Mtu anakufa kwa namna hiyo na hatatangazwa popote.

Usinielewe vibaya, si huko pembezoni tu. Jangwani maji yakijaa Barabara ya Morogoro inafungwa, mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake maalumu, unasimama, na karakana yenyewe ya mabasi ilijengwa palepale bondeni. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu arobaini jiji hili, wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Tofauti ni kwamba anayekaa Ilala barabara ikifungwa anatembea kwa miguu. Wewe wa Chanika utatembea mpaka wapi? Chanika iko mbele ya Pugu, ndugu yangu. Huko nilikokuwa mimi ni nusu ya safari yako.

Nilimpigia dalali. Kwanza alipokea, akasema mvua ni mipango ya Mungu. Baadaye akawa hapokei. Nikapiga kwa namba nyingine, akapokea kwa furaha akidhani ni mteja mpya, aliposikia sauti yangu akakata. Huyu mtu alijua. Alizaliwa mtaa ule! Alijua kijito, alijua boza, alijua Jumapili haina foleni, ndiyo maana alikataa katakata kunipeleka siku ya Ijumaa nilipomwomba, akasema ana msiba. Hasira zangu kwake hazijaisha na sitazificha: kumdanganya mtu anayehama na mtoto mdogo ni dhambi, haijalishi una shida gani ya hela. Mwenye nyumba naye akatoa mkataba, akaniwekea kidole kwenye mstari unaosema kodi iliyolipwa hairudishwi. Tulikwenda mpaka ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akanisikiliza kwa upole, akanionyesha sahihi yangu. Miezi iliyobaki ikaliwa.

Sasa hesabu ya laki na nusu, maana najua ndiyo inayokuvuta. Chukua makadirio tu. Boda kwenda na kurudi barabarani 4,000, daladala pamoja na kugeuza kama 2,000. Hiyo ni 6,000 kwa siku. Siku 24 za kazi ni 144,000. Jumlisha kodi, umefika 294,000 na bado hujanunua maji wala hujala, kwa sababu mtu anayetoka saa kumi na nusu lazima anywe chai na chapati barabarani, na anayerudi saa tatu atakula chipsi mayai njiani. Mimi sasa nakaa Ilala, si mbali na hospitali ya Amana, chumba, sebule na choo cha ndani, 250,000. Ni padogo, watoto wanalala sebuleni, jirani akikaanga samaki sote tunajua. Lakini saa kumi na mbili jioni niko nyumbani, na siku daladala zikikosekana natembea mpaka kazini.

Kwa hiyo fanya hivi, na ukifanya hiki kimoja mengine yote nisamehe sijakujibu: kabla ya kutoa hata mia, lala kwenye mtaa huohuo usiku wa Jumapili, Jumatatu asubuhi nenda kazini kutoka hapo kwa usafiri utakaotumia kila siku, na jioni urudi hapohapo. Usilale kwa ndugu wa Sinza ukasema utaamkia huko. Hapohapo mtaani. Gesti zipo kila kona ya Dar, hazizidi sana elfu ishirini. Utasikia kama kuna baa inapiga muziki mpaka alfajiri. Utaona maji yanatoka wapi saa kumi na mbili asubuhi, kina mama wamepanga ndoo wapi. Boda atakutajia bei ya kweli ya usiku. Utajua daladala linafika saa ngapi na linafika na nafasi au halina. Muulize muuza genge, usimuulize dalali: mvua ikinyesha hapa mnapita wapi? Muuza genge hana cha kupata kwako zaidi ya nyanya, atakuambia. Na angalia kuta za nyumba za bondeni. Mstari wa tope wa mwaka jana huwa haujafutika.

Mwajiri wako kukupa wiki mbili za kuripoti si sababu ya kulipa mwaka. Njoo peke yako kwanza. Panga chumba kimoja Buguruni au Ilala, hata cha kulipa miezi mitatu, wapo wenye nyumba wanaokubali ukiongea nao bila dalali katikati. Mke na watoto wamalize muhula Mbeya. Ukishajua njia zako ndipo utafute nyumba ya familia. Na kama moyo wako unataka fensi na bustani, sawa, tafuta, lakini uitafute ukiwa umeshalala huko.

Faida za Dar zipo, nisije nikaonekana nalichukia jiji lililonilea kikazi. Mama yangu alipopata tatizo la moyo na kupewa rufaa, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko palepale Muhimbili, akawa analala kwangu, kliniki tunakwenda kwa bajaji. Wagonjwa wenzake wa mikoani walikuwa wanalala kwenye korido za ndugu wa mbali. Kariakoo unaweza kuanza biashara na mtaji mdogo ambao Iringa ungekuwa wa kununulia meza tu. Samaki wa Feri asubuhi na mapema. Treni ya SGR kwenda Morogoro na Dodoma tangu 2024, mtu anakwenda msibani na kurudi. Watu wa hapa ni wacheshi na wana msaada, wale vijana waliokuwa wanavusha watu walimvusha bibi mmoja bure kila siku bila kuombwa.

Lakini yote hayo unayapata ukiwa na nguvu na saa za kuyafuata. Ukiwa barabarani tangu saa kumi na nusu mpaka saa tatu usiku, Dar utakuwa unaisikia kwenye redio ya daladala.

Na hilo la "mwendokasi unakuja", maana najua ameshakuambia: awamu ya tatu inakwenda Gongo la Mboto. Wewe hujaambiwa Gongo la Mboto, umeambiwa Chanika. Hapo katikati utapanda gari jingine, na gari hilo nalo lina foleni yake.

Mpigie dalali leo, mwambie unakuja Jumapili jioni na utalala huko mpaka Jumanne. Akisema nyumba itachukuliwa na mwalimu, mwambie mwalimu aichukue.