Fedha hizi utazihitaji lini?

Mtu akiniuliza awekeze wapi, nami humuuliza hizo fedha atazitumia lini. Wengi hujibu "baadaye", na kazi huanzia hapo, kwa sababu karo ya mwaka ujao na maisha ya uzeeni vyote ni baadaye, lakini haviwezi kulala mahali pamoja.

Nina daftari ambalo kila lengo lina mstari wake. Naandika jambo lenyewe, tarehe nitakayoanza kutoa fedha, tarehe nitakayomaliza kuzitoa, kisha neno moja: inasogezeka au haisogezeki. Safu hiyo ya mwisho imenisaidia kuliko zote. Karo haisogezeki, maana chuo hakikungoji mpaka hisa zipande. Kununua nyumba kunaweza kusubiri mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo malengo mawili yaliyo miaka sita mbele yanaweza kuhitaji uwekezaji tofauti kabisa.

Ukiona nakazia sana tarehe, tazama yaliyowahi kutokea. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, fahirisi (kipimo cha bei) ya hisa za Marekani ya S&P 500 ilishuka kwa takriban asilimia 57, na haikurudi ilipokuwa hadi Machi 2013. Aliyetakiwa kulipa karo mwaka 2009 aliuza kwa hasara. Aliyekuwa na miaka 20 mbele yake, akaendelea kununua kila mwezi, alizipata hisa kwa bei ya chini. Ila nisikufiche: fahirisi ya hisa za Japani, Nikkei 225, ilifika kileleni Desemba 1989, na haikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024. Hata ukiwa na muda mrefu, usiweke kila kitu kwenye soko la nchi moja.

Mimi fedha za ndani ya miaka mitatu siziweki kwenye hisa hata kidogo. Zinakaa kwenye akaunti ya akiba, amana ya muda maalumu au dhamana za muda mfupi za serikali. Za miaka kumi na kuendelea nyingi ziko kwenye hisa, kwa sababu huko mbali adui ni mfumuko wa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, fedha zilizolala bila riba hupoteza nusu ya uwezo wake wa kununua katika miaka 12 hivi.

Hapo katikati ndipo watu wengi hukwama. Hatifungani, yaani mkopo unaoipa serikali au kampuni kwa riba, zinafaa, lakini angalia inaiva lini, maana siku hiyo ndipo unarudishiwa fedha zako. Riba za sokoni zikipanda, bei ya hatifungani uliyonayo hushuka, na iliyobakiza miaka mingi huumia zaidi. Ukiishika mpaka iive, na aliyeitoa akiwa na uwezo wa kulipa, unarudishiwa kiasi kilichoandikwa. Kwa hiyo kwa lengo la miaka minne natafuta inayoiva kabla ya siku yangu, hata kama ya miaka 20 inatoa riba nono zaidi.

Kustaafu nako hueleweka vibaya. Siku ya kuacha kazi si mwisho wa safari ya fedha zako. Anayestaafu akiwa na miaka 60 anaweza kuishi hadi 90, hivyo fedha za chakula chake cha mwaka wa kwanza ziko karibu, na zile za kumtunza akiwa na miaka 85 bado zina robo karne ya kukua. Ndiyo sababu daftari langu lina tarehe mbili.

Dharura haina tarehe, kwa hiyo naihesabu kuwa ni kesho. Matumizi ya miezi mitatu hadi sita yanakaa mahali ninapoweza kuyachukua siku hiyohiyo, ili ugonjwa usinilazimishe kugusa fedha za uzeeni.

Kila mwaka nalifungua daftari upya, kwa kuwa lengo lililokuwa la miaka kumi sasa linaweza kuwa limebakiza minne. Likibakiza mitano, naanza kuhamisha sehemu kila mwaka kutoka kwenye hisa kwenda palipo tulivu. Kiasi cha kuhamisha nakiandika mapema, na ukifika mwezi wake nakihamisha, soko liwe limepanda au limeshuka.