Madereva na utingo wapya: gari likigonga au likifia barabarani

Gari likifia mlimani Kitonga, au likigonga, linaloua zaidi ni gari la nyuma ambalo bado halijafika. Kabla ya kukagua bampa au kubishana, zima injini, vuta handibreki, washa taa za hazadi. Utingo ashukie upande usiopita magari, aweke kabari: mkiwa mnapanda, nyuma ya matairi, mkiwa mnashuka, mbele yake.

Triango, yaani pembetatu za onyo zinazoakisi mwanga, wengi huziweka hatua kumi tu nyuma ya tela. Piga hesabu: gari la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Mita 30 zinamwachia dereva sekunde moja na nukta, nayo huisha kabla mguu haujagusa breki. Peleka triango mita 100 nyuma. Kukiwa na kona, ikae kabla ya kona. Tembea huku umeishika kifuani, uso ukitazama magari yanayokuja. Matawi yanayowekwa badala ya triango usiku hayaonekani, na mawe mliyozuilia matairi myaondoe mnapoondoka. Bodaboda hufa kwa mawe hayo.

Kwa majeruhi, anayepiga kelele anapumua. Anza na aliyenyamaza. Damu inayobubujika igandamizwe kwa kitambaa na kiganja dakika 10 bila kuchungulia, kwani kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usimvute mtu kwa mikono kutoka ndani ya gari, shingo yake huenda imevunjika. Moto tu ndio unaoruhusu hilo. Piga 112. Mmoja aende kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, wakati wengine wanamwahisha majeruhi hospitali.

Lori la mafuta likipinduka, kimbieni, mkae upande unakotoka upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa mtaroni hadi ukutane na cheche, na kuchomoa betri kunatosha kuitoa. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kwa moto wa lori la mafuta lililopinduka. Tafadhali, asisogee mtu na dumu.

Magari yasiguswe mpaka trafiki achore ramani. Ikibidi kuyasogeza ili kuokoa mtu, piga picha kwanza: matairi yalivyokaa, alama za breki, namba za magari yote. Bima ijulishwe siku hiyohiyo. Na karatasi ya "tumeelewana, kosa ni langu" usiisaini pale barabarani, maana kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu hiyo.