Uzamili wa utawala wa sheria bila digrii ya sheria

Mdogo wangu wa Wete, Pemba, umeuliza kama mwenye digrii ya uhasibu anaweza kusoma uzamili wa utawala wa sheria (yaani sheria kuwa juu ya kila mtu) na maendeleo. Anaweza, ila tazama jina la shahada: LLM (uzamili wa sheria) mara nyingi hudai digrii ya sheria, MA (uzamili wa sanaa) kwa kawaida haidai. Uwakili usiutarajie hapo.

Kwenye barua ya maombi achana na maneno makubwa. Eleza hiyo migogoro ya mikarafuu unayoiona kwa sheha, kiongozi wa shehia: nani anashindwa kufika Mahakama ya Ardhi, na kipi kinamzuia. Nauli? Karatasi? Aibu ya kumshitaki ami yake?

Ada ni kubwa, sikufichi. Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, hulipa, lakini inataka uzoefu wa kazi wa miaka 2, na ukimaliza urudi nyumbani miaka 2.